Bodi Iliyopita Mezani

Jumatatu, 8 Juni. Asubuhi ya mawingu mazito, mvua imegoma.

Shemeji,

Dereva wa basi amenikabidhi kifurushi chako saa mbili na robo. Ndani nimekuta bodi moja ya mashine ya kutotolesha vifaranga, imefungwa kwenye gazeti, na dereva akanisikilizisha sauti yako kwenye simu yake: "Mwambie aitazame tu, yeye anaijua." Hakuna barua. Hakuna hata kikaratasi cha kuniuliza hali.

Naijua, ndiyo. Niliichora mimi. Inarudi kwako kwa basi lile lile, sijaifungua.

Haya ni masharti yangu. Simu yako sitapokea na ujumbe wako sitasoma. Tarehe 12 Machi ulinifukuza kwa mdomo mbele ya mafundi sita, ukasema nimeunguza chipu arobaini kwa uzembe. Kesho yake dada alipokuuliza, ukakana kwa mdomo ule ule, ukamwambia nimeacha mwenyewe kwa hasira zangu. Sasa utaandika, utatia tarehe na sahihi. Kwa kila barua nitajibu swali moja.

Ninachotaka unakijua. Kiwanda cha mizani wako tayari kuniajiri fundi wa bodi, ila wanataka barua ya mwajiri wangu wa mwisho ieleze chipu zile ziliunguaje. Nafasi wanaishikilia hadi 30 Septemba. Andika ukweli: Jumatatu ile, tarehe 9 Machi, ni wewe uliyechomeka waya wa volti kumi na mbili mahali pa volti tano, kwa sababu mteja alikuwa anakungoja mlangoni nawe ulitaka kuonekana fundi. Isome barua hiyo mbele ya mafundi wale wale sita, kisha uniletee.

Mimi hapa natengeneza pasi na redio kwenye chumba cha nyuma ya duka la vitambaa. Sina haraka.

Bi Tarehe
(Jina mlilonipa kwa kunicheka. Nimelizoea.)


Tarehe 15 Juni

Shemeji yangu mkali,

Barua! Mara ya mwisho kuandika barua nilikuwa namtaka dada yako, na hata ile alinisaidia rafiki yangu. Haya, umeshinda, kalamu hii hapa.

Shida ni hii. Mashine inatakiwa kushika joto la nyuzi thelathini na saba na nusu. Ile poteshomita ya kidijitali uliyoweka badala ya kitufe cha kuzungusha, chipu ndogo ile inayopanda na kushuka ngazi, imeingiwa na wazimu. Joto linapanda lenyewe mpaka arobaini na moja, ukigeuka liko thelathini na tatu. Mteja anaapa hajagusa kitu. Naileta karakana, naipandisha kwenye meza yako ya majaribio, inatulia kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Inakaa siku mbili bila kutikisika. Nairudisha kwa mteja, kabla ya jioni ananipigia simu ya matusi.

Zimerudi mashine kumi na moja. Tunajenga kwa mchoro wako, mstari kwa mstari, hatujaongeza wala kupunguza.

Hayo ya Machi, Shemeji, tusifukue yaliyokwisha. Sisi ni ndugu. Niambie tu: nianzie wapi?

Wako,
Mkurugenzi (nimegonga mhuri, usije ukasema si mimi)


Alhamisi, 18 Juni. Jua tangu saa moja, vumbi.

Shemeji Mkurugenzi,

Mhuri nimeuona. Umeugonga juu chini.

Umeuliza uanzie wapi. Anzia kwenye umeme unaoingia kwenye chipu. Mguu wake wa umeme unahitaji kapasita ndogo ya kutuliza umeme, iliyo karibu nao kabisa, isizidi upana wa kidole. Mafundi wako wana tabia ya kuiweka popote penye nafasi. Chomoa, weka karibu, bodi zote kumi na moja. Ipandishe moja mezani kwa siku mbili. Ikipita mezani, mpelekee mteja.

Barua yangu ya kiwanda sijaiona kwenye bahasha. Labda imeangukia njiani.

Bi Tarehe


Shajara. Alhamisi, 18 Juni, baada ya kupeleka barua stendi.

Kapasita haitamsaidia. Ni ushauri sahihi, fundi yeyote angeutoa, na hautatibu kitu. Nilijua ugonjwa tangu niliposoma maneno "meza yako ya majaribio".

Nimefungua shajara ya Machi kuhakikisha. Jumatatu tarehe 9: chipu arobaini zimeungua. Jumanne: zimeletwa za aina nyingine, za zamani zimekwisha dukani. Jumatano tarehe 11: "Chipu mpya inahitaji rezista moja ya nje. Nimeichomelea kwa muda kwenye kibanio cha meza, kile kinachoshika miguu ya chipu, ili niendelee kujaribu. Mchoro nitaurekebisha Ijumaa." Mabadiliko yote ninayaingiza kwenye mchoro siku ya Ijumaa, kwa mpigo, ili nisichanganye. Wote pale wanajua. Walikuwa wakinitania kwamba hata nikifa nitangoja Ijumaa.

Alinifukuza Alhamisi.

Basi rezista imebaki mezani. Kila bodi ikipanda pale inakuwa na adabu, na adabu si yake, ni ya meza. Ataipima mara mia na mara mia itapita. Nimecheka peke yangu mpaka mwenye duka amegonga ukuta kuuliza kuna nini. Nikamwambia redio.


Tarehe 14 Julai

Shemeji,

Tumehamisha kapasita zote. Mezani ilipita siku mbili, nikatembea kifua mbele. Nikampa mashine mbili mteja mmoja wa karibu, mtu wa subira, hana makelele. Akaweka mayai mia na ishirini. Siku ya tisa akakuta joto arobaini na mbili. Yamepikika, Shemeji. Hakupiga kelele hata kidogo, na afadhali angepiga.

Kuna jambo la ajabu. Nilifungua kifuniko kulekule kwa mteja, nikasogeza kidole karibu na chipu, sikuigusa, na namba zikaanza kuruka. Fundi Mzee anasema tumwite mtu wa dua. Wengine wananong'ona kwamba uliacha kitu humu ndani kabla ya kuondoka. Mafundi wawili wameshaacha kazi, wamechoka kutukanwa na wateja.

Nitasema wazi. Rudi kazini. Meza yako ipo, kiti chako kipo. Tuanze upya, pasiwe na mambo ya karatasi. Na kama hutaki, basi niambie hatua ya pili.

Mkurugenzi


Ijumaa, 17 Julai. Ubaridi, ukungu mpaka saa tatu.

Shemeji,

Kiti kina miguu mitatu, nakikumbuka. Mtu anaweza kukisukuma siku yoyote aamkayo vibaya. Sitaki kiti, nataka karatasi.

Mtu wa dua mwacheni apumzike. Kidole chako ni ushahidi mzuri, na fundi angejiuliza: kitu gani ndani ya bodi kinaweza kusikia kidole ambacho hakijakigusa? Jiulize ukiwa umekaa kwenye kiti changu.

Hatua ya pili. Waya za kipima joto zinapita pamoja na waya za hita, zimefungwa fundo moja. Zitenganishe, moja upande huu, nyingine upande ule. Kaza na waya wa ardhi. Ipandishe mezani, siku mbili. Ikipita, mpelekee yule mtu wako wa subira. Watu wa namna hiyo ni wachache, mtumie vizuri.

Umetumia barua mbili kukwepa karatasi moja. Mimi nina kalamu nyingi.

Bi Tarehe


Tarehe 20 Agosti

Shemeji,

Siku ya ishirini. Safari hii lilishuka. Mayai mia na ishirini mengine, na ndani vifaranga walikuwa wameshaota manyoya. Nisingependa uone nilichokiona tulipovunja.

Sina ucheshi leo. Wateja watatu wamenipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Nimeambatisha barua uliyotaka. Nimefanya ulichotaka, sasa nawe fanya.

"Kwa yeyote anayehusika. Nathibitisha kwamba mtajwa alikuwa fundi katika karakana yangu. Kuhusu chipu zilizoharibika, tukio hilo lilitokea katika mazingira ya kawaida ya kazi na hakuna anayelaumiwa. Namtakia mema."

Mkurugenzi


Jumatatu, 24 Agosti. Mvua ya manyunyu, kamba za nguo tupu mtaa mzima.

Shemeji,

Nakurudishia karatasi yako. Nimepiga mstari mwekundu chini ya "lilitokea". Chipu arobaini hazijiunguzi zikichoka maisha. Kuna mkono ulioshika waya. Andika mkono wa nani.

Hatua ya tatu nitaitoa nikishaona jina la mkono huo. Siku zilizobaki hadi tarehe 30 Septemba ni thelathini na saba, na mimi nazihesabu kwa furaha kuliko wewe.

Bi Tarehe


26/8

Mdogo wangu,

Mimi si mtu wa barua, utanisamehe mwandiko. Shemeji yako alitoka na funguo akasahau droo wazi, nikakuta barua zako zote zimepangwa. Nimekaa sakafuni nimezisoma mpaka maji yakakaukia jikoni.

Yule mtu wa subira ni mimi.

Tangu ulivyofukuzwa nilijisemea, siku moja na mimi nitafukuzwa, kwa mdomo vilevile. Nikaomba mashine mbili, nikaziweka kwenye stoo ya nyuma. Nilitaka kuanza kuku wangu, wakishakuwa wengi nikuite tuendeshe pamoja, wewe mashine, mimi banda. Sikukwambia kwa sababu ungenipa orodha ya mambo hamsini ya kufanya kwanza. Nilitaka nikuoneshe vifaranga, si maneno.

Mara ya kwanza nilipofungua, mvuke ulinipiga usoni kama sufuria. Mara ya pili nilivunja yai kwa yai nikitafuta hata mmoja anayepumua. Wanne walikuwa wanalia bado. Waliishi mpaka magharibi.

Umeandika mara mbili: ikipita mezani, mpelekee mteja. Mara ya pili ukasema mtumie vizuri.

Nakuuliza neno moja, na usinipe tarehe wala hali ya hewa. Ulijua?

Dada yako


29 Agosti

Dada,

Nilijua.

Tangu barua yake ya kwanza. Sikujua mteja ni wewe, lakini nilijua kuna mteja, na kwamba mayai yake yataharibika. Nilifurahi. Siwezi kukuandikia vingine.

Dawa ni hii, bila sharti. Chipu ile ina miguu minane. Mmoja ni wa kuiamsha. Mguu huo ukiwa juu, chipu imelala, haisikii amri. Ukishushwa, inaamka na kusikia: panda ngazi, shuka ngazi. Ile ya zamani ilikuwa na rezista ndani yake ya kuurudisha mguu juu. Hii mpya haina, kwa hiyo mguu unaning'inia hewani, na kila hita inapowaka au mkono unapopita, chipu inadhani imeitwa. Rezista inayotakiwa iko mezani karakana, niliichomelea kwenye kibanio, ndiyo maana kila kitu pale kinapita.

Ndani ya bahasha kuna rezista nne, zenye mistari ya kahawia, nyeusi na rangi ya chungwa, na kipande cha mchoro. Chomelea moja kutoka mguu wenye alama nyekundu kwenda kwenye umeme wa volti tano. Pasi ya kuchomelea ninajua unaijua, ulinishikia taa miaka yote niliyokuwa najifunza. Acha mashine iwake siku tatu bila mayai. Pitisha mkono, washa na kuzima taa ya stoo. Namba zikitulia, weka mayai.

Mumeo mwambie ukitaka. Akishapata dawa hataniandikia tena, na kiwanda watampa mtu mwingine nafasi. Sitakulaumu. Hasira yangu kwake bado ni nzima, sitakudanganya.

Mdogo wako


25/9

Mdogo wangu,

Mia na kumi na moja kati ya mia na ishirini. Stoo ina kelele kama shule wakati wa mapumziko.

Niliyafanya mwenyewe, nikaunguza kidole kimoja tu. Shemeji yako alisikia milio akiwa anakunywa chai. Akaja mlangoni na kikombe.

"Wametoka?"

"Wametoka."

"Mashine hizi hizi?"

"Hizi hizi, baba."

Akachuchumaa, akazungusha macho kila kona kama anatafuta mtu aliyejificha. "Umefanya nini humu ndani, mke wangu?"

"Nimechomelea kitu."

"Kitu gani?"

"Andika kwanza."

Akacheka. Akaona sicheki. Akasema, "Hivi na wewe umeingia chama cha Bi Tarehe?" Nikamwambia chama ni cha watu waliopikiwa mayai. Alilala sebuleni siku mbili, kwa hiari yake. Jana akaandika. Nilimrudishia mara tatu, kwa sababu kila mara alikuwa anaficha mkono chini ya meza. Ya nne hii hapa, nimeinakili neno kwa neno:

"Tarehe 9 Machi mimi mwenyewe nilichomeka waya wa volti kumi na mbili mahali pa volti tano. Chipu arobaini ziliungua mkononi mwangu. Shemeji yangu hakuwepo chumbani. Nilimsingizia, kisha nikamfukuza ili jambo lisifahamike. Ni fundi hodari kuliko mimi."

Leo asubuhi ameisoma karakana. Mafundi wamebaki wanne. Alianza kwa sauti ya mgonjwa, Fundi Mzee akamwambia, "Bosi, ulipomfukuza sauti yako ilifika barabarani. Itoe hiyo." Akaisoma upya. Hakuna aliyecheka. Nilisimama pale mlangoni mpaka neno la mwisho, kisha nikampa rezista moja.

Sasa nisikilize. Barua yenye sahihi ninayo mimi, chini ya godoro langu. Sijaituma. Kwenye ile karatasi kuna kosa lake, lako halimo. Vifaranga wanne walinifia kiganjani, na wewe umenijibu kwa neno moja kwenye barua iliyofungwa, mimi na wewe tu. Yeye nimemsimamisha mbele za watu. Kwa nini wewe upite bila kusimama?

Uandike, utie tarehe. Uje uisome karakana, mbele ya walewale. Ukimaliza nitakupa karatasi yako. Usipokuja, tarehe 30 ikipita nitaitia jikoni niwashie moto.

Dada yako


Jumatatu, 28 Septemba

Kwa dada yangu, na kwa mafundi wa karakana,

Nilisoma barua ya shemeji ya tarehe 15 Juni nikaelewa palepale ubovu wa bodi ni nini. Tarehe 18 Juni nilimpa kazi ambayo sikutarajia isaidie. Tarehe 17 Julai nikampa nyingine. Nilimwambia ampelekee mteja nikijua mashine itaharibu mayai. Nilitaka aumie, na nilikubali aumie mtu mwingine njiani, ilimradi yeye aone. Kosa la mchoro ni langu pia: badiliko la Jumatano sikupaswa kulingojesha Ijumaa. Mayai mia mbili na arobaini yaliharibika. Yalikuwa ya dada yangu. Hata kama yangekuwa ya mtu nisiyemjua, yangekuwa yale yale.

Hakuna aliyenisingizia haya.

Bi Tarehe


Shajara. Jumatano, 30 Septemba. Asubuhi ya jua kali, hakuna upepo.

Nimepanda basi la saa kumi na mbili na nusu. Karakana saa tatu kasoro. Meza yangu ina vumbi, kibanio kipo palepale, na rezista yangu bado imesimama juu yake. Mafundi wanne, shemeji, dada mlangoni. Hakuna aliyenipa kiti.

Nilisoma. Nilipofika "nikijua mashine itaharibu mayai" niliruka neno, ikabidi nirudie sentensi tangu mwanzo. Fundi Mzee alitazama viatu vyake. Shemeji alitabasamu kidogo kwenye mstari wa kwanza, na kwenye wa tatu tabasamu lilikwisha. Nilipomaliza aliniomba nakala. Nikampa. Akasema, "Nimeisoma yangu Ijumaa, sijalala vizuri mpaka leo. Utaona." Nilikuwa nimejiandaa kwa miezi sita na nusu kumwona amesimama pale na karatasi mkononi. Sikumwona. Alisoma mimi nisipokuwepo, nami nimesoma yeye akiwepo.

Dada akanikabidhi bahasha. Nikamwambia ahsante. Nikamuuliza kama naweza kuwaona vifaranga.

Akasema, "Kiwanda wanafunga saa kumi. Nenda."

Mabasi mawili, kisha kiwanda cha mizani saa tisa na dakika ishirini. Msimamizi ameisoma mara mbili, akauliza aliyeandika ni nani kwangu. Nikasema mume wa dada yangu. Akasema nianze Jumatatu.

Nimenunua daftari jipya la michoro. Ukurasa wa kwanza nimeandika: badiliko liingie siku lilipofanyika.

Jioni nimemwandikia dada barua ya kurasa mbili, nikaichana. Nimeandika nyingine ya mistari mitatu, kuuliza tu wangapi wameamka hai leo, na kama maji ya kunywa anawawekea ya uvuguvugu. Itaondoka na basi la asubuhi. Sitarajii jibu mwezi huu.

Nimelala saa tano kasoro dakika kumi.